Udi wa babu yako na hewa ya Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Kisumu. Sisi sote hatujambo, baba yako yuko na kakako karudi shule salama. Simu ya Jumapili ilikatika katikati ya maneno, na mambo yenyewe hayataki haraka, kwa hivyo nimeona heri niandike.

Ulisema udi wa babu yako, ala ile ya nyuzi, umekataa kushika sauti tangu uhamie Nakuru. Vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza, ukigusa nyuzi nene zinavuma kama nyuki, na fundi wa magitaa huko mjini amekushauri utoboe kichwa cha udi utiwe funguo za chuma za gitaa. Mwanangu, usikubali. Usimpelekee hata kwa kuutazama tu. Udi ule hauna ubovu. Umehama hewa, na hewa mpya haujaizoea.

Hapa kwetu tuko mita 1,130 hivi juu ya bahari, ziwa liko mlangoni, na hata kiangazi hewa ina majimaji. Nakuru ni karibu mita 1,850, na Januari na Februari upepo wa Bonde la Ufa unakausha nguo kambani kabla ya adhuhuri. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena, haiachi hata baada ya miaka hamsini. Ikikauka husinyaa, na husinyaa kwa upana zaidi kuliko kwa urefu. Sasa uso wa udi ni ubao mwembamba, unene wake milimita 2 hivi, umegundishwa kingo zote. Ukisinyaa hauna pa kukimbilia. Utabonyea kidogo, nyuzi zishuke karibu na shingo na kuanza kuigonga, au utapasuka kufuata mishipa ya mbao. Huko kuvuma unakokusikia ni uso kushuka. Hiyo ni habari njema, kwa sababu uso ulioshuka kwa ukavu hupanda tena ukipata unyevu, lakini uliopasuka unahitaji fundi wa kweli, na mafundi wa udi bara ni wa kutafuta kwa tochi.

Kwa hiyo la kwanza ni kuunywesha udi. Chukua kile kisahani cha sabuni cha plastiki chenye kifuniko, kitoboe matundu juu, tia ndani kipande cha sponji ulichokilowesha na kukikamua mpaka kisidondoke hata tone. Kiweke ndani ya kasha, upande wa shingo, kisiguse mbao. Funga kasha. Udi ukae humo kila wakati ambao hauko mapajani mwako, usiuning'inize ukutani hata kama unapendeza machoni pa wageni. Kile kipimo kidogo cha unyevu, kama cha wanaouza vifaa vya kuangulia vifaranga, kimo kwenye kifurushi nilichokutumia; kiweke kando ya sponji. Ukikuta kati ya asilimia 45 na 55, lala usingizi. Kikishuka chini ya 40, lowesha tena sponji. Mvua ndefu zikianza, mwezi wa nne, toa sponji kabisa, maana unyevu ukizidi gundi hulegea na ukungu hushika.

Chumba chako najua ni kimoja, jiko na kitanda vinatazamana. Weka kasha chini ya kitanda upande wa ukuta wa ndani, mbali na jiko na mbali na dirisha la asubuhi. Juu ya kabati hapafai, joto la bati hukaa huko juu. Na ukisafiri kuja nyumbani, udi uupakate, usiingie buti la matatu. Fikiria njia yenyewe: unatoka Nakuru, unapanda Salgaa mpaka Mau Summit kwenye baridi, unateremka Kericho mvua inanyesha, halafu Awasi na Ahero joto linakupokea. Mbao hiyohiyo inapitia hali nne kwa saa chache. Kabla ya kuondoka legeza kila uzi mzunguko mmoja hivi, usizitoe, legeza tu. Ukifika usiufungue hapohapo; uache ndani ya kasha utulie kwanza, wewe ule, usalimie watu.

Sasa vigingi, kwa sababu hapo ndipo fundi wako alipopata neno.

Kigingi cha udi hakina meno wala skrubu. Ni kijiti kilichochongwa kikawa chembamba upande mmoja, kimeingia kwenye matundu mawili ya kichwa, na kinachokizuia kisirudi nyuma ni msuguano peke yake. Mbao ya kigingi ikikauka haisinyai sawasawa pande zote, kwa hiyo kile kilichokuwa duara kinakuwa kama yai. Ndiyo maana unasema kinateleza nusu mzunguko halafu ghafla kinakwama. Toa kigingi kimoja ukiangalie kwenye mwanga. Utaona mikanda miwili inayong'aa pale kinapogusa matundu. Kama mkanda unang'aa kuzunguka pande zote, kigingi ni kizima, kinataka kupakwa tu. Kama unang'aa pande mbili na katikati umefifia, kimekuwa yai, na hicho kigingi ndicho cha kupelekewa fundi akichonge upya, siyo udi mzima.

Cha kupaka ni vitu viwili vya dukani: sabuni ya kipande iliyokauka na chaki nyeupe ya ubao. Sabuni inatelezesha, chaki inashika. Pitisha sabuni kwenye mikanda ile, kisha chaki juu yake, rudisha kigingi, kizungushe mara kadhaa kikiwa hakina mvuto wa uzi. Kikiteleza bado, ongeza chaki. Kikigoma na kulia, ongeza sabuni. Babu yako alikuwa na kipande chake cha sabuni ya bluu ndani ya kasha, kimekatwa mfereji katikati kwa kuzungushiwa vigingi. Kiangalie kwenye kile kimfuko cha pembeni, nadhani bado kimo.

Halafu namna ya kuzungusha. Usizungushe kama unafungua bomba. Sukuma kigingi kuelekea ndani ya kichwa huku unazungusha, mkono wa pili ukikishikilia kichwa upande wa pili. Anza kwa kushuka chini kidogo ya sauti unayoitaka, kisha panda mpaka uifikie. Ukiifikia kwa kushuka uzi utalegea tena baada ya nyimbo mbili. Na ukifunga uzi mpya, elekeza mizunguko ya mwisho upande wa kichwa cha kigingi, karibu na ukuta lakini isiubane. Uzi ukikazwa hivyo unakivuta kigingi ndani wenyewe. Watu wengi wanaolalamika kuhusu vigingi shida yao iko hapo tu.

Zile funguo za chuma zina uzito. Kichwa cha udi ni kisanduku chembamba, kimegundishwa kwenye shingo kwa kona kali inayorudi nyuma, na kimejengwa kubeba vijiti vyepesi. Ukitia vyuma kumi na moja, shingo itaelemea mkono wako wa kushoto, mkono uanze kubeba badala ya kupiga, na kuta za kichwa zilizotobolewa matundu makubwa zitapasuka siku moja uzi unapokazwa. Kitu hicho ukishakifanya hakirudishwi. Mimi nitachukia sana, nakwambia wazi, kwa sababu udi ule babu yako aliutoa Mombasa kijana, akaupiga kwenye harusi za Kaloleni hapa Kisumu mpaka vidole vilipokataa, na haukuwahi kutiwa msumari.

Nyuzi. Udi wako una kumi na moja: jozi tano na ule mmoja mnene wa juu. Kwa namna aliyonifundisha babu yako, kutoka mnene kwenda mwembamba ni do, fa, la, re, sol, do. Usifuate kinanda cha kwaya za jirani mpaka ukakaza kupita hapo. Kiangazi hiki, kwa maoni yangu, shusha zote nusu sauti, udi upumue. Hakuna anayekupigia filimbi. Ukibadilisha nyuzi, toa mmoja, weka mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja uso uliokuwa ukivutwa na daraja, pale nyuzi zinapofungiwa, unaachiliwa ghafla, na ubao uliokauka haupendi mshtuko huo.

Usitie nyuzi za chuma za gitaa hata moja. Daraja la udi limegundishwa usoni, hakuna kinacholishikilia ndani, na nyuzi za chuma zitaling'oa pamoja na nyama ya ubao. Nyembamba ni za nailoni, nene zimezungushiwa waya. Zile za waya zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga, jasho huzifanya nyeusi na sauti ikawa butu. Siku ile do nyembamba imekatika na huna nyingine, fanya wanavyofanya wapiga nyatiti wa huku kwetu: nyuzi zao nane siku hizi ni za nailoni ya kuvulia samaki. Chagua ya milimita 0.6 hivi, itakufikisha mpaka upate ya dukani. Sauti yake si mbaya hata kidogo.

Kila mwezi chukua kipande cha karatasi nyembamba ujaribu kukipenyeza chini ya daraja, upande wa nyuma, ule wa mkiani. Kisipoingia, vizuri. Kikiingia hata kidogo, legeza nyuzi zote siku hiyohiyo, funga kasha, nipigie. Usiruhusu mtu atie gundi ya kukauka papo hapo. Udi hugundishwa kwa gundi ya ngozi inayolainika kwa maji moto ili fundi wa kesho aweze kuufungua. Zile nyingine zinaunganisha milele na zinaharibu mbao kwa kazi yoyote inayofuata. Pia gonga uso polepole kwa kifundo cha kidole, huku na huku. Palipo pazima panajibu kwa sauti moja. Ukisikia mahali pamelia pekee kama kuna kitu kinacheza ndani, huenda ubao wa kuimarisha ndani umeachia. Hilo nalo linasubiri, usihangaike nalo peke yako.

Kuhusu kupiga sina mengi, mkono wako wa kulia ni mzuri kuliko wangu. Ila ulisema udi unateleza pajani. Tandika kipande cha ule mpira wa vitobo unaowekwa chini ya zulia, mgongo wa udi utatulia, na mkono wa kulia hautalazimika kuubana. Kubana ndiko kunakokuchosha bega. Kucha za kushoto zikate fupi sana, udi hauna vyuma vya kugawa shingo na kucha inachimba ubao. Risha, kile cha kupigia nyuzi, ikipotea, kata ule mkanda mgumu wa plastiki wa kufungia nyaya, urefu wa kiganja, ulainishe ncha kwa msasa. Inasimuliwa kwamba Ziryab, mpiga udi aliyetoka Baghdad akaishia Cordoba, Hispania, karne ya 9, alipigia unyoya wa tai na akauongezea udi uzi wa tano. Na yule Zein l'Abdin wa Lamu, aliyefariki 2016, babu yako alikuwa akinikalisha mbele ya redio nisikilize risha yake inavyoshuka na kupanda bila kiwiko kusogea. Tafuta kanda zake usikilize kiwiko, utanielewa.

Jirani wako wa chumba cha pili ana mtoto mchanga, umeniambia. Usiku weka kitambaa laini chini ya nyuzi karibu na daraja, sauti itakufa nusu na mazoezi yataendelea.

Nimekutumia kifurushi kwa matatu ya asubuhi, chukua ofisini kwao kabla ya saa kumi. Ndani kuna seti moja ya nyuzi, chaki, kipimo cha unyevu na elfu mbili za kununua viatu, siyo za fundi. Weka kipimo kwenye kasha kwanza, ukiache usiku mzima, kisha unipigie uniambie kinasoma ngapi. Nyuzi usizifunge kabla sijajua namba hiyo.

Mama yako