Madirisha ya Mchana, Bletchley ya Jioni

Leicester, Uingereza
14 Desemba

Kwa Meneja,
Kitengo cha Safari za Siku Moja

Ndugu Meneja,

KUH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA LONDON NA BLETCHLEY PARK, JUMAMOSI ILIYOPITA

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa tangazo lenu lilikuwa la Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichonifanya nitoe kadi yangu ya benki. Mliahidi mwongozaji atakayezungumza lugha yetu. Basi na malalamiko yaje kwa lugha hiyo hiyo.

Nilikata tiketi mbili, pauni 69 kila moja, yangu na ya ami yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Mombasa. Ami ana miaka 76 na anatembea kwa bakora. Mimi nilivutiwa na madirisha ya Krismasi. Si sikukuu yetu, lakini taa ni taa, na duka lililopambwa halimuulizi mtu dini yake. Ami alivutiwa na Bletchley, mahali ambapo Waingereza walifumbulia ujumbe wa siri wa maadui wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ana sababu ambayo nadhani hata nyinyi hamkuwa mkiijua mlipoweka picha ya lile jumba kwenye tangazo.

Ami alisoma Allidina Visram, ile shule ya Mombasa inayotazama bahari. Mwaka 1942, Wajapani walipoitishia Ceylon (Sri Lanka ya leo), Waingereza waliihamisha ofisi yao ya kunasa na kufumbua ujumbe wa siri kutoka Colombo, wakaileta Kilindini, bandarini Mombasa, na shule hiyo wakaichukua kwa kazi hiyo. Madarasa yakajaa watu wenye vipokea sauti masikioni, wakisikiliza redio za meli za Japani. Humo ndimo walimofumbua msimbo wa meli za biashara za Wajapani ulioitwa JN-40. Kosa la Wajapani wenyewe la mwezi Septemba liliwapa fununu, na kufikia Novemba 1942 walikuwa wakisoma ujumbe ule kama barua ya nyumbani. Agosti 1943 wakarudi Colombo, kwa kuwa mawimbi ya redio Mombasa yalikuwa hafifu mno. Bletchley ndiyo iliyokuwa mama wa vituo hivyo vyote. Ami aliketi kwenye madarasa yale miaka ya sitini bila mwalimu hata mmoja kumwambia neno, maana siri yenyewe ilifungwa mpaka miaka ya sabini. Alichotaka ni kitu kidogo tu: kuingia Bletchley, kumtafuta mhudumu mwenye subira, na kumuuliza kama jina la Kilindini limeandikwa popote mle ndani.

Sasa ratiba. Ninayo mbele yangu, na mliiandika nyinyi: kuondoka Leicester saa moja asubuhi, Bletchley kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa saba mchana, London saa tisa, kutembea kwa miguu kutazama madirisha na taa mpaka saa moja usiku. Aliyeipanga alijua kazi yake. Bletchley iko karibu na barabara ya M1, takriban katikati ya Leicester na London, kwa hivyo unaipitia tu. Na mwezi wa Desemba jua la London hutua kabla ya saa kumi, kwa hivyo anayefika saa tisa anakuta giza linaanza kuingia na mji unaanza kuwaka. Kwa ratiba hiyo nililipa.

Siku yenyewe basi lilichelewa dakika 45. Hilo nalisamehe. Tulipokaribia Milton Keynes, mji ambamo Bletchley imo, Ami alianza kufunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kwa vile vidole vyake havipendi baridi. Alipofika kifungo cha mwisho nikaona kibao cha njia ya kutokea kinatupita dirishani. Basi halikupunguza hata mwendo. Ndipo mwongozaji akashika kipaza sauti: "Kuna mabadiliko kidogo, tunaanza na London." Hakuna aliyeulizwa. Baadaye dereva alinieleza kwa upole kwamba, kwa hesabu ya saa zake za kazi, ilibidi siku amalizie karibu na nyumbani. Hesabu hiyo ilikuwepo tangu siku mlipouza tiketi.

Tukashushwa Oxford Street karibu saa tano asubuhi, mbele ya duka kubwa la Selfridges. Sijui kama aliyeibadilisha ratiba amewahi kusimama mbele ya dirisha la duka mchana kweupe. Kioo kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia. Nyuma yake palikuwa na mapambo ambayo mafundi wameyahangaikia kwa miezi, na mimi nilichokiona ni basi jekundu la ghorofa, uso wangu, na mwanamume wa nyuma yangu akila sandwichi. Ami aliweka kiganja juu ya nyusi na kuinama mpaka paji likagusa kioo. Akasema, "Biashara Street leso wanazianika nje, unaziona." Mbele kidogo, wale malaika wa taa wanaotanda juu ya Regent Street walikuwa wamezimwa, wamening'inia kwenye nyaya zao kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Taa za Krismasi mtaa huo umekuwa ukizitundika tangu 1954. Tulizitembelea zikiwa zimelala.

Na hapo hapo mbele ya Selfridges nina neno na mafunzo mnayowapa waongozaji wenu. Kijana wenu ana adabu na sina ugomvi naye, lakini alichotusimulia kwa dakika kumi, akisoma kwenye simu, ni bei za mikoba. Safari mliyoiuza ilikuwa ya madirisha na mawasiliano ya kihistoria, na alikuwa amesimama mahali ambapo hivyo viwili vinakutana. Katika duka hilo, mwaka 1925, mvumbuzi John Logie Baird aliwaonyesha wateja mtambo wake wa televisheni, vivuli vikitikisika kwenye kiwambo kidogo. Na wakati wa vita, chini ya ardhi katika jengo la nyongeza la duka hilo hilo, Wamarekani waliweka SIGSALY, simu ya siri ya kuunganisha London na Washington. Mtambo wenyewe ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50. Sauti ya msemaji ilikatwakatwa ikageuzwa nambari, kisha ikafunikwa na makelele yaliyorekodiwa kwenye santuri. Santuri pacha yake ilikuwa ikizunguka upande wa pili wa bahari kwa wakati ule ule, iyaondoe makelele yale. Ukishazungumza, santuri zinaharibiwa. Ilianza kutumika Julai 1943. Nilimweleza Ami haya mwenyewe, na abiria wanne watano wakasogea kusikiliza, mpaka nikaona haya kwa ajili ya kijana. Ami aliiangalia ile njia ya miguu chini ya viatu vyake kwa muda mrefu kuliko alivyoyaangalia madirisha.

Hamleys, duka la vitu vya watoto kuchezea, tuliipita nje, tukisukumana. Duka la Liberty tulionyeshwa kwa kidole, kutoka upande wa pili wa barabara, bila kuambiwa kwamba lile jengo lake la mbao lilijengwa kwa mbao za merikebu mbili za kivita zilizovunjwa.

Tukafika Piccadilly, mbele ya duka la Fortnum & Mason, saa saba kasoro dakika ishirini. Juu ya mlango wa duka hilo kuna saa kubwa ya mwaka 1964, na kila saa inapogonga, vinyago viwili vya waanzilishi wa duka hutoka, wakageukiana na kuinamiana. Watoto wa abiria wenzetu walikwisha ambiwa, wameinua nyuso wanangoja. Saa saba kasoro dakika kumi mwongozaji akatuita: basi haliruhusiwi kusimama, twendeni. Dakika kumi, ndugu Meneja. Mtoto mmoja alipanda basi akitembea kinyumenyume.

Kutoka hapo foleni ya kuutoka mji, kisha M1 tena, kwa mwelekeo tuliotoka nao asubuhi. Tulifika Bletchley Park saa tisa kasoro dakika kumi. Siku hiyo walikuwa wakifunga saa kumi. Wahudumu wa langoni walitupokea vizuri mno. Nalisema hili ili isije ikaonekana nawalalamikia wao. Lakini saa moja na dakika kumi kwa mahali pale ni sawa na kumpa mgeni sahani ya pilau na kuiondoa alipomaliza kunawa mikono. Karibu watu 9,000 walikuwa wakifanya kazi huko na kwenye vituo vyake vita vilipopamba moto, robo tatu yao wanawake. Kuna jumba, kuna ziwa, kuna safu ya vibanda vya mbao, na kila kibanda kina kisa chake.

Kwa bakora ya Ami tuliwahi kibanda kimoja, Kibanda namba 8, ambako mwanahisabati Alan Turing na wenzake walipambana na Enigma, mashine ya kuandikia ujumbe wa siri, ya jeshi la majini la Ujerumani. Ofisi yake imepangwa kama ilivyokuwa, na kikombe chake cha chai kimefungwa kwa mnyororo kwenye bomba la kupasha joto, kwa maana alikuwa hataki kiibwe. Ami alicheka mpaka akakohoa. Akasema ofisini kwao Posta na Simu walikuwapo watu wa namna hiyo. Ndiyo furaha pekee aliyoipata siku nzima, na ilidumu kama dakika tatu. Tulipotoka, giza lilikuwa linaingia na mhudumu alikuwa anaelekeza watu kwenye lango la kutokea. Ami alimsogelea, akaanza: "Samahani, mama, Kilindini..." Yule mama akamjibu kwa upole kwamba wanafunga, arudi siku nyingine. Alikuwa na haki. Sisi ndio tuliokuwa tumechelewa.

Limebaki la Colossus, kompyuta ya wakati wa vita ya kufumbulia ujumbe wa siri. Tangazo lenu lina picha kubwa ya mashine ile, na juu yake maneno "mtaiona kwa macho yenu". Ami alikuwa fundi wa mitambo ya simu miaka 27, na picha hiyo ndiyo iliyomshawishi kuliko jumba. Sababu ni hii: aliyeibuni Colossus ni Tommy Flowers, mhandisi wa Posta ya Uingereza, aliyekuwa na karakana yake Dollis Hill, London. Aliijenga kwa mamia kwa mamia ya valvu, zile chupa za kioo za umeme zilizotumika kwenye redio za zamani, pamoja na vifaa vya kawaida vya mitambo ya simu, wakubwa wakimwambia valvu nyingi hivyo zitaungua kila siku. Ilianza kazi Bletchley mwanzoni mwa 1944, kusaidia kufumbua ujumbe wa majemadari wa Kijerumani, na kufikia mwisho wa vita zilikuwa kumi. Mwongozaji wenu alitwambia kwenye basi kwamba iliundwa na Turing. Ami alifungua mdomo, akaufunga.

Mashine hiyo, iliyojengwa upya, haimo kwenye tiketi mliyotuuzia. Iko kwenye makumbusho ya taifa ya kompyuta, katika eneo hilo hilo la Bletchley lakini yenye mlango wake na tiketi yake. Anayeendesha safari za kwenda huko ni lazima alijue hili. Mwongozaji aliponiambia "imo humo humo ndani" hakuwa anadanganya, alikuwa hajaambiwa.

Jumatatu niliwapigia simu. Jibu nililopewa ni kwamba "sehemu zote zilizotangazwa mlifikishwa", kwa hivyo hakuna deni. Hapo ndipo tunapotofautiana. Kufikishwa si hoja. Hata mzigo hufikishwa. Bidhaa mliyoiuza ilikuwa ni saa: asubuhi nzima ya Bletchley na jioni nzima ya taa. Mlichofanya ni kuzigeuza, mkatupa kila mahali kwa saa ambayo hapafai, na yote mawili yakaharibika kwa pamoja.

Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 inasema maelezo anayopewa mteja kuhusu huduma, yakamfanya aamue kununua, ni sehemu ya mkataba, na huduma isipolingana nayo mteja anastahili kupunguziwa bei. Kwa hiyo naomba mambo haya. Mnirudishie nusu ya nauli za watu wawili, yaani pauni 69. Mtulipie tiketi mbili za Bletchley Park na mbili za makumbusho ya kompyuta. Usafiri nitajitegemea, sihitaji basi lenu. Na picha ya Colossus iondolewe kwenye tangazo, au tiketi yake iingizwe kwenye bei, kabla hamjamuuzia mwingine. Abiria wengine sikuwasemea, watajisemea wenyewe, ingawa mama wa yule mtoto wa kinyumenyume ameniomba nakala ya barua hii.

Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nililipa kwa kadi, na benki yangu imeshanipa fomu ya kudai fedha, haijajazwa bado.

Ami anarejea Mombasa tarehe 6 Januari. Bletchley hufungwa siku za Krismasi na kufunguliwa tena, na mimi nina zamu za usiku hospitalini hadi tarehe 29. Tutakwenda tarehe 30, asubuhi, milango inapofunguliwa. Kama tiketi zenu hazijafika siku hiyo nitanunua mwenyewe na risiti nitawatumia.

Wenu,

Abiria wa viti namba 23 na 24

Viambatisho: nakala ya tangazo, ratiba, risiti ya malipo, na picha moja ya dirisha la Oxford Street ambamo anayeonekana ni mimi.