Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Utengamao wa Majeruhi wa Uti wa Mgongo kwa Mgeni Rasmi, Mwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, walimu wetu, ndugu wa wagonjwa, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana. Tunaomba tuzungumzie swali ambalo kila familia huuliza wodini: "Atatembea tena?"

Mheshimiwa, swali hilo hujibiwa mapema mno. Mtu aliyeanguka mwembeni au kwenye bodaboda, siku ya kwanza uti wake huweza kuwa kwenye mshtuko: misuli hulegea na hisia hupotea hata pale ambapo uti haujaharibika wote. Dawa za maumivu na jeraha la kichwa nazo huficha hali halisi. Kwa hiyo kipimo cha misuli na hisia kinachofanywa saa 72 baada ya ajali huaminika kuliko cha siku ya kwanza.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Kinahitaji pamba, pini, glavu, fomu na mtu mwenye subira. Hupimwa misuli 10 kila upande, kila mmoja alama 0 hadi 5, na hisia za pamba na pini katika maeneo 28 kila upande. Mwisho hupimwa njia ya haja kubwa, na hapo ndipo wengi huruka kwa kuona haya. Wakiruka, fomu haina maana! Mgonjwa anayehisi kidole pale, au anayeweza kubana, jeraha lake si kamili, yaani uti haujaharibika wote. Na anayehisi ncha ya pini eneo hilo ana nafasi kubwa zaidi ya kutembea kuliko anayehisi pamba tu.

Kanuni iliyotokana na takwimu za Ulaya, ikachapishwa mwaka 2011, hutumia mambo matano kukadiria nani atatembea mwenyewe baada ya mwaka: umri chini au juu ya miaka 65, nguvu ya kunyoosha goti, nguvu ya kusukuma wayo chini kama anayeinua kisigino, na mguso wa pamba kwenye goti na kisigino.

Kwa aliyeumia shingo, tunaangalia mikono. Akiweza kuinua kiganja, vidole hujikunja vyenyewe na kushika kikombe. Basi ndugu wasinyooshe vidole na kiganja kwa pamoja wakati wa mazoezi. Kano zikilegea, mshiko huo umepotea. Akiweza kunyoosha kiwiko, anaweza kujifunza kuhama kitandani hadi kwenye kitimwendo.

Makadirio mazuri huharibiwa na kidonda cha kulalia. Mgonjwa ageuzwe kila saa 2, na kibofu kitolewe mkojo kila saa 4 hadi 6. Maendeleo mengi huonekana miezi 6 hadi 9 ya kwanza. Miezi miwili ikiliwa na kidonda, hasara yake ni kubwa.

Tukumbuke pia Mabatini na Bugarika, mitaa ya hapa Mwanza iliyojengwa kwenye vilima vya mawe. Anayetembea kwa magongo kwenye sakafu ya wodi bado hajaweza kupanda mawe hadi mlangoni kwake. Makadirio yafike hadi nyumbani.

Tunakuomba utusaidie mambo matatu: fomu ya kipimo iambatane na kila rufaa kutoka Ukerewe, Sengerema na kwingineko, mipira ya mkojo isikosekane, na kila kitimwendo kitolewe na mto wake.

Tunaomba kuwasilisha.