Kabla tinga halijashuka kwa lori, ulizeni wazee chemchemi iko wapi

Kwa Mhariri,

Nimekuwa kwa mjengo miaka 17 sasa, nilianza nikibeba mawe hapa Njoro, nikawa fundi, saa hii nasimamia vijana kwa saiti, na nyumbani kwetu ni huko juu Nessuit, mama yangu ni wa jamii ya Ogiek na babu alikuwa na mizinga ya nyuki ndani ya msitu wa Mau kabla hata mimi sijazaliwa. Kwa hivyo mtu asinisome vibaya, mimi sipingi barabara, sipingi zahanati, nani atapinga na tumeona mama mjamzito akibebwa na pikipiki usiku, mvua inanyesha, matope hadi kwa magoti, kupelekwa Elburgon? Maendeleo tunayataka na tumeyangoja sana. Lakini kuna vile yanakuja, na hapo ndio naomba mnipe nafasi kwa gazeti niseme.

Kuna barabara moja huku kwetu ilianza kukatwa mwezi wa nne. Mwezi wa nne, Mhariri, wakati hata mtoto wa shule huku anajua mvua ya masika imeshafika. Tinga likakata ukingo wa mlima, na ule udongo badala ya kubebwa na lori ukasukumwa tu upande wa chini, manake kusukuma ni rahisi na lori linakula dizeli. Chini hapo kulikuwa na chemchemi, nyumba kama thelathini zinachota hapo, haina bango haina ukuta, ni jiwe moja tu na majani yamezunguka, mgeni akipita hawezi jua. Mvua ikanyesha usiku mmoja. Asubuhi nikampata kogo mmoja, yaani nyanya, jirani yetu, amesimama hapo na jerikeni ya lita kumi, maji yamekuwa kama chai ya maziwa, amejaribu kuchota kwa kikombe pole pole asiguse chini, akachota, akaacha itulie, akamwaga, akachota tena. Akaniita weri, yaani kijana, akaniuliza, "Weri, si wewe ndio unafanyanga hizi kazi? Kwani hamkuona kuna maji hapa?" Sikuwa kwa hiyo kazi, lakini swali lilinishika mpaka leo, sababu ningekuwa hapo nisingekuwa na jibu lingine.

Watu wa mbali waelewe udongo wetu ulivyo. Huku Mau ya mashariki mpaka Njoro na Nakuru udongo mwingi ni wa jivu la volkano za zamani, ni mwepesi, ukiwa umefunikwa na nyasi na mizizi unashika vizuri sana lakini ukishaondoa ile ngozi ya juu, maji yanauchukua kama unga, na mfereji wa upana wa mkono mwaka huu mwaka kesho ng'ombe anaanguka ndani. Na hauendi mbali na sisi. Unaingia kwa vijito, unaingia Mto Njoro, unapita Egerton, unapita Njoro mjini, unaishia Ziwa Nakuru, na lile ziwa halina mahali pa maji kutoka, kila kitu kinachoingia pale kinabaki pale. Ziwa hilo limo kwa orodha ya Ramsar, ile ya dunia ya maziwa na ardhi za majimaji za kulindwa, tangu mwaka wa 1990, dunia nzima inalijua kwa ndege wake, lakini ni wangapi wanajua kwamba linaanzia kwa mtaro ambao fundi fulani hakuweka mawe?

Sasa wengi husema shida ni sheria hatuna. Sheria tunazo. Katiba ya 2010 kifungu cha 42 inatupa haki ya mazingira safi, sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla kazi ianze, na kanuni za 2003 zilitaka angalau mikutano mitatu na wenyeji wakati wa uchunguzi wenyewe, tena na matangazo kwa redio kwa lugha ya watu. Na sisi Waogiek tuna kitu cha ziada. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kule Arusha ilisema tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki zetu zilivunjwa kwa kutolewa Mau, halafu tarehe 23 Juni 2022 ikatoa amri ya fidia ya shilingi 157,850,000, na hiyo pesa ndio watu hukumbuka, lakini ndani ya hiyo hukumu kuna amri nyingine ambayo kwa mtu wa mjengo ndio kubwa zaidi: serikali ihakikishe Waogiek wanashauriwa, kwa njia inayoendana na mila zao, kila mradi wa maendeleo au wa uhifadhi au wa uwekezaji unapopangwa kwa ardhi yao. Kushauriwa kwa mila zetu hakuwezi kuwa kuitwa baraza saa nne asubuhi, kusaini karatasi ya mahudhurio, kupewa soda, na ramani imeshachorwa.

Wacha niseme kitu ambacho mafundi tunajua na wananchi hawajui. Ripoti ya mazingira huandikwa vizuri sana, ina mpango mzima, ati udongo wa juu uwekwe kando, ati mitaro iwekwe vizuizi, ati oili isimwagwe. Halafu ukifungua BQ, ile orodha ya kazi na bei ambayo kontrakta analipwa nayo, hayo mambo hayamo. Simiti imo, nondo zimo, kokoto imo hadi kwa tani, lakini mazingira yamepewa mstari mmoja tu mwishoni na pesa ya jumla. Na kwa mjengo kitu hakiko kwa BQ hakifanywi, hiyo ndio kweli yenyewe, kontrakta hata akiwa mtu mzuri hawezi kulipa vibarua wiki mbili kwa kazi ambayo hakuna atakayempimia. Mimi nimesimamia kazi na nimeambiwa mara nyingi, "hiyo wachana nayo, haina malipo."

Na si kazi ya pesa nyingi! Udongo wa juu, ile sentimita 15 au 20 nyeusi, unautoa kwanza unaurundika kando na kuufunika, kazi ikiisha unaurudisha na nyasi inaota yenyewe kabla hujapanda chochote. Kwa mtaro wa mteremko unapanga mawe kila baada ya hatua kadhaa, maji yanapunguza mbio, udongo unabaki nyuma ya mawe. Magunia yaliyojazwa mchanga yanawekwa chini ya ukingo kabla mvua. Kuosha mikisa ya zege kunafanywa mbali na mto, kwa shimo, sababu maji ya simiti ni makali, yanaua vidudu vyote vya mtoni na mafundi wenyewe tunajua vile yanachubua mikono. Oili chafu ya tinga inaingia kwa jerikeni inarudi mjini, haimwagwi nyuma ya kibanda cha mlinzi. Mashimo ya maramu yanajazwa kazi ikiisha, yasibaki yakishika maji watoto wakaogelea humo. Na kukata udongo kunapangwa Januari na Februari, wakati kumekauka. Hivi vitu vikiandikwa kwa BQ kimoja kimoja, kila kimoja na kipimo chake na bei yake, vitafanywa, manake injinia atavihesabu kabla ya kusaini malipo.

Lakini hata hivyo haitoshi kama hujui chemchemi iko wapi, na hapo ndio wazee.

Nilifanya kazi moja ya madarasa na vyoo, injinia alikuwa kijana mdogo, na nitamheshimu siku zote. Kabla ya kupiga vigingi aliomba mzee mmoja atembee na sisi. Ilikuwa Februari, kumekauka kabisa, nyasi inakatika ukikanyaga. Mzee akaenda pole pole na fimbo, hapa anasimama, hapa anapita, tukafika mahali surveya alikuwa ameweka alama ya vyoo, mzee akainama, akatuonyesha majani membamba ya kijani katikati ya yale makavu, akadunga fimbo, ikaingia kama kwa siagi. Akasema hapa kuna maji yanalala, mvua ikija yataamka na yatashuka mpaka kwa wale mama wanachota kule chini. Yaani tulikuwa karibu kuchimba choo cha shule juu ya maji ya kunywa. Vyoo vikasongezwa upande mwingine, ramani ikarekebishwa kwa kalamu hapo hapo, ikachukua asubuhi moja. Mwezi wa nne nikapita, ile alama ya zamani ilikuwa imejaa maji inang'aa.

Mzee huyo huyo alituzuia kukata mtarakwa mmoja mkavu ambao vijana walishauona kuni. Juu kulikuwa na mzinga. Kwetu mti una mwenyewe, na msitu mzima umegawanywa kwa koo tangu zamani, mtu anajua mzinga wake na wa jirani, anajua mti wa silibwet ukitoa maua nyuki wataenda upande gani. Ukiangusha huo mti hujaharibu kuni, umechukua asali ambayo kijana angepeleka kuposa. Hicho kitu hakipatikani kwa ramani ya satelaiti na hakuna mtaalamu wa kutoka Nairobi atakijua kwa siku mbili. Kinajulikana na watu ambao hata kwa mkutano wa chifu huwa wanakaa nyuma, na wamama zaidi ya wote, sababu ni wao wanachota maji na ni wao hawaulizwi.

Kwa hivyo naomba wale wanaopanga tenda za huku Njoro, Molo na Kuresoi wafanye mambo mawili. Waandike kazi za kulinda udongo na maji ndani ya BQ, kila moja na bei yake. Na kabla surveya hajapiga kigingi, atembee njia yote na wazee na wamama wa pale, walipwe siku yao kama kibarua mwingine yeyote, na walichosema kichorwe kwa ramani na kisainiwe.

Naandika sasa kwa sababu kuna barabara nyingine inakuja juu yetu. Vigingi vimeshapigwa, vina rangi nyekundu, na viwili vinapita hatua chache tu kutoka kwa chemchemi ingine, ile ambayo kogo alihamia baada ya ile ya kwanza kuharibika. Bado hakuna mashine. Injinia akisoma hii barua, aje siku yoyote hata Jumapili, nitampeleka mwenyewe, na kogo amesema atakuwa hapo na fimbo yake.

Fundi wa mjengo,
Nessuit, Kaunti ya Nakuru