Saini Huangaliwa Mwisho: Jinsi Tunavyopima Barua za Watu Mashuhuri Kabla Hujalipa

Mteja anapotuletea barua inayosemekana kuwa ya mtu mashuhuri, kidole chake hutangulia kwenye saini, naye huuliza swali moja tu: je, ni yake kweli? Sisi huipokea karatasi, tukaigeuza upande wa nyuma, tukaiinua kwenye mwanga, tukasoma yaliyoandikwa kuanzia tarehe hadi salamu za mwisho, na baada ya hayo yote ndipo tunapoifikia saini. Wapo wanaodhani kwamba tunazungusha kazi ili ionekane ngumu, na kwa ajili yao tumeona vema kueleza sababu. Saini ni maneno mawili au matatu ambayo mghushi ameyafanyia mazoezi kwa miezi, ilhali karatasi, wino na mistari ishirini ya maelezo iliyo juu yake ni mambo ambayo hakuwa na muda, wala mara nyingine elimu, ya kuyatengeneza yote sawasawa.

Tuanze na karatasi. Karatasi ya kale iliyotengenezwa kwa mkono barani Ulaya, ukiiinua kwenye mwanga, huonyesha mistari mingi myembamba iliyosongamana na mingine michache inayoikata, ambayo ni alama za waya za chekeche lililotumika kuchota majimaji ya vitambaa vilivyopondwa. Karatasi laini isiyokuwa na mistari hiyo ilianza kutumika Uingereza katika miaka ya 1750, na karatasi ya mbao ilienea baadaye sana, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Baada ya Vita Vikuu vya Pili viwanda vilianza kutia kemikali za kung'arisha weupe, na kemikali hizo humeremeta rangi ya buluu chini ya taa ya urujuanimno. Jambo hilo moja lilitosha kuangusha shajara zilizodaiwa kuwa za Adolf Hitler, ambazo jarida moja la Ujerumani lilianza kuzichapisha mwezi Aprili 1983 kwa mbwembwe kubwa. Wataalamu wa nyaraka za serikali walipozikagua, walikuta vifaa vilivyotengenezwa miaka mingi baada ya kifo chake. Wataalamu wa mwandiko waliokuwa wamezipitisha awali walikuwa wametazama mwandiko peke yake, tena baadhi ya sampuli walizopewa kulinganisha nazo zilitoka kwa mghushi yuleyule.

Hata hivyo, karatasi ya zamani peke yake haithibitishi chochote, kwa sababu mghushi makini hurarua kurasa tupu za vitabu vya kale na kuziandikia. Robert Spring, Mwingereza aliyehamia Marekani katika karne ya 19, alijipatia riziki kwa njia hiyo, akiuza hundi na vibali vya kupita vyenye jina la George Washington. Hapo ndipo wino unapotusaidia. Kwa karne nyingi watu waliandika kwa wino wa chumvi ya chuma uliochanganywa na maji ya vifundo vya mwaloni. Wino huo huingia ndani ya nyuzi za karatasi, hugeuka kutoka weusi hadi hudhurungi kadiri miaka inavyopita, na pale ulipowekwa mzito huila karatasi hadi kuitoboa. Karatasi nayo ilipakwa gundi ya ngozi ili wino usisambae, na gundi hiyo hudhoofika kwa umri. Mtu anapoandika leo juu ya karatasi ya miaka mia mbili, wino hutambaa kandokando ya mstari kama maji yaliyomwagikia kitambaa. Tunaangalia pia mikunjo: mstari ulioandikwa kabla barua haijakunjwa hupasuka pamoja na karatasi, lakini wino uliotiwa juu ya mkunjo wa zamani huzama na kujikusanya ndani ya ufa. Ukiona hivyo mara moja kwa kioo cha kukuzia, hutahitaji kuelezwa tena.

Maneno yenyewe husomwa kwa makini, ingawa ungeshangaa ni wanunuzi wangapi hawayasomi. Mfano mashuhuri ni wa Michel Chasles, mwanahisabati wa Ufaransa aliyeheshimika sana, ambaye katika miaka ya 1860 alinunua maelfu kwa maelfu ya barua kutoka kwa Denis Vrain-Lucas. Miongoni mwazo zilikuwamo barua za Cleopatra, za Maria Magdalena na za Aleksanda Mkuu, zote zikiwa zimeandikwa kwa Kifaransa, juu ya karatasi. Vrain-Lucas alihukumiwa kifungo mwaka 1870. Hatumtaji Chasles ili kumcheka. Tunamtaja kwa kuwa hamu ya kumiliki kitu humfumba macho hata mwenye akili kuliko sisi sote.

Lakini kundi linalotupa kazi kubwa kuliko yote si la barua za kughushi. Ni la nyaraka halali ambazo jina lililo chini yake liliandikwa na mkono mwingine. Watawala na viongozi walikuwa na makarani, na makarani walijifunza saini za mabwana zao kwa idhini yao. Hati za ardhi za serikali ya Marekani ni kielelezo kizuri: mwaka 1833 Bunge la nchi hiyo liliruhusu katibu aziandikie jina la rais kwa niaba yake, kwa kuwa zilikuwa zimerundikana kupita kiasi. Kwa hiyo hati ya mwaka 1838 yenye jina la Martin Van Buren ni hati halali ya serikali, ila kalamu haikushikwa na Van Buren, na mara nyingi jina la katibu huyo limeandikwa papo hapo chini, mbele ya macho ya kila mtu. Kumwambia mteja habari hiyo baada ya kulipia saini ya rais ni sehemu ya kazi ambayo hatujaizoea.

Katika karne ya 20 karani alipata msaidizi wa chuma, yaani mashine ya kutia saini, ambayo husogeza kalamu halisi kwa kufuata kiolezo. John F. Kennedy aliitumia, na makatibu wake pia walimtilia saini, ndiyo maana barua zake ni miongoni mwa zile tunazozichunguza kwa muda mrefu zaidi. Chini ya kioo, kalamu ya mtu huigusa karatasi ikiwa tayari inatembea, hukandamiza inaposhuka, hulegea inapopanda, na huondoka kabla haijasimama, hivi kwamba ncha ya mstari huchongoka kama mkia wa panya. Mstari wa mashine huwa na unene uleule tangu mwanzo, na mara nyingi huacha kitone cha wino kwenye ncha zote mbili, kwa sababu kalamu hutua kwanza ndipo ianze safari. Tukipata saini mbili za aina hiyo tunazipandanisha kwenye mwanga. Zikilingana nukta kwa nukta, tunajua kwamba zimetoka kwenye kiolezo kimoja, maana hakuna binadamu anayejirudia kiasi hicho.

Kuna pia nakala za kuchapishwa. Barua ya Abraham Lincoln ya tarehe 21 Novemba 1864 kwa Bibi Bixby, mama aliyesemekana kupoteza wana watano vitani, haijulikani ilipo hadi leo, lakini nakala zake zilianza kuuzwa mwaka 1891, na kila mwenye kuikuta ndani ya fremu ya babu yake huamini kwamba ameipata ile ya asili. Katika mwandiko wa kweli, mahali mistari miwili inapokatana wino huwa mzito zaidi; katika nakala rangi ni moja kila mahali.

Sharti la mwisho ni historia ya umiliki. Tunauliza barua ilitoka kwa nani, lini, na kama kuna risiti au orodha ya mnada. Tukiona mhuri wa maktaba uliofutwa au namba ya jalada iliyokwanguliwa, tunasimamisha kazi hadi taasisi husika iulizwe, kwa sababu nyaraka zilizoibwa hudaiwa na kurudishwa. Mwaka 2012 mahakama nchini Marekani ilimfunga mkusanyaji mmoja miaka 7 kwa wizi wa namna hiyo. Kumbuka vilevile kwamba unaponunua barua unanunua karatasi. Haki ya kuyachapisha maneno yaliyomo kwa kawaida hubaki kwa mwandishi au warithi wake hadi muda wa kisheria utakapokwisha.

Unapotaka tukupimie barua, tutumie kwanza picha za pande zote mbili pamoja na bahasha ikiwapo, zilizopigwa kwa mwanga wa kawaida na nyingine kwa mwanga unaotoka ubavuni. Tafadhali usiinyooshe kwa pasi, usibandue utepe wa gundi, na usiifunike kwa plastiki ya moto, kwa kuwa hiyo haitoki tena. Picha hutuwezesha kukataa; kuthibitisha hakufanyiki bila karatasi yenyewe kufika mezani. Malipo yetu hayapandi kwa kufuata thamani ya barua, na barua tuliyoipima hatuinunui sisi wenyewe. Tukishindwa kufikia uamuzi, taarifa utakayopewa itasema hivyo hivyo, pamoja na sababu.