Mwanangu, kuhusu lile basi lililokuwa limeondoka

Mwanangu mpendwa,

Insha yako ya Kiingereza nimeisoma mara mbili. Pale mlipolikosa basi mkabaki mmekalia mizigo pamenigusa sana. Alama nyekundu za mwalimu nazo nimeziona, na karibu zote zimeangukia wakati uliopita. Usivunjike moyo. Makosa hayo yana chanzo, na ukikijua utayasahihisha mwenyewe.

Uliandika "I did not saw the driver". Kwa Kiswahili tunasema "niliona", na tukikanusha tunasema "sikuona". Ile "li" inatoka, "ku" inashika nafasi yake, kwa sababu wakati uliopita unatosha kutajwa mara moja. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo: "did" imeshaubeba wakati, kwa hiyo kitenzi kinabaki kitupu, "did not see". Na swali vilevile: "did you see?"

Sasa "me", ambayo ndiyo inayotuponza wengi. Sisi tunaweza kusema "tumefika Jumatatu" na hakuna atakayeshtuka. Ukiihamisha ilivyo unapata "we have arrived on Monday", na hapo Kiingereza kinakataa. "Have" ya namna hii haikai na siku iliyokwisha kupita: jana, wiki iliyopita, mwaka 2019. Ukitaja siku, andika "we arrived on Monday". Usipoitaja, na jambo bado linagusa sasa, "we have arrived" ni sawa kabisa.

Tena si kila "me" ni "have". "Amelala" mara nyingi ni "he is asleep", na "nimechoka" ni "I am tired". Hapo "me" inaeleza hali mtu aliyo nayo sasa hivi. Mimi mwenyewe niliandika "I have tired" kwa miaka kabla ya mtu kunisimamisha, ndiyo maana nakuambia mapema.

Turudi kwenye basi. Uliandika: "When we reached the station, the bus has left." Ungeandika "the bus left", sarufi isingekuwa na kosa, lakini kisa kingebadilika: msomaji angewaona mnafika, na basi linang'oa nanga mbele ya macho yenu. Nyinyi hamkuliona kabisa. Mlipofika, basi lilikuwa limeondoka. Hiyo "lilikuwa lime-" ndiyo "had left", na huzuni yote ya insha yako imo ndani ya hayo maneno mawili. Na yule mtu aliyekuwa akifagia pale kituoni? Alikuwa katikati ya kazi, kwa hiyo ni "was sweeping". "Swept" ingemaanisha alifagia akamaliza.

Vile vitenzi vyenye umbo lake, "went", "brought", "taught", havina njia ya mkato. "Went" yenyewe ilikuwa ya kitenzi kingine, "wend", ikaja kuhamia kwa "go", kwa hiyo usiitafutie kanuni. Chukua vitano kwa siku, kila kimoja kitungie sentensi ya jambo lililokutokea kweli.

Iandike insha upya, na kila ufikapo kwenye kitenzi jisemee kwanza kwa Kiswahili: ni "li", ni "me", au ni "alikuwa ame-"? Kisha niletee. Nataka kusoma tena pale penye mizigo.

Akupendaye,
Mama