Sare si huruma jameni

Mhariri,

Nimechoka na hii maneno ya "alimhurumia" kila mtoto akitoka sare na mtu mzima kwa chesi. Wikendi iliyopita nilimpeleka kijana wa dadangu kwa tonamenti hapa Kisumu, yeye reitingi yake, ile namba ya kupima nguvu ya mchezaji, ni 1500 na kitu, akapangiwa jamaa wa 1900 na kitu, na hata mimi sitadanganya, nilikuwa nishaanza kufikiria tutakula nini tukirudi Kondele mapema.

Masaa matatu baadaye bado wako kwa meza. Jamaa amebaki na askofu na askari mmoja wa pembeni, laini ya h, kijana ana mfalme peke yake, na watu nyuma yangu washasema kwisha yeye. Lakini huyo mfalme alikuwa amejibana kona ya h8, pale askari lazima afike ndio ageuke malkia, na hiyo kona ni nyeusi, askofu wa jamaa anatembea kwa nyeupe tu, kwa hivyo hata wakae hapo mpaka Krismasi hamtoi. Akisukuma askari mpaka h7 mfalme anakosa pa kwenda na hajapewa cheki, hiyo ni stelmeti, yaani sare tu. Kijana biro ilikuwa inatetemeka hadi ile h anayoandika kwa karatasi ya miondoko inafanana na n, lakini mfalme ni g8, h8, g8, h8, hakukosea hata mara moja. Jamaa akaangalia bodi weee, akanyoosha mkono.

Sasa kuna mzee hapo mlangoni anamwambia eti "amekuachia". Amuachie kwa nini? Kwa hesabu ya reitingi ya Arpad Elo, ile FIDE, shirikisho la chesi la dunia, wanatumia tangu 1970, ukimzidi mtu pointi 400 unatarajiwa kuvuna kama 0.92 kwa gemu, na ushindi ni 1, sare ni 0.5. Jamaa amepoteza kama pointi 8 za reitingi, na kijana kwa vile hajafika miaka 18 K yake, ile namba ya kuzidisha hiyo tofauti, ni 40, anaokota karibu 17. Nani hugawa hivyo? Na jamaa mwenyewe ni muungwana, alikaa na kijana nje dakika kama 20 wakipanga kete upya, akimuonyesha pale kijana alipopoteza askofu wake bure.

Ombi langu, mkichapisha matokeo ya chesi za huku kwetu msituwekee washindi watatu tu, wekeni na sare, na reitingi kando ya majina. Ni laini mbili tu, hapo chini ya ligi ya Uingereza.

Mjomba wa mchezaji,
Kondele, Kisumu