Mama wa kikwembe cha kijani, asante sana

Mama, jina lako sikuuliza. Tulikaa benchi moja nje ya tribinali ya watoto hapa Lubumbashi, nikiwa na bahasha mkononi na hasira hadi kooni. Mtoto wangu alikuwa kwa mama mkwe wangu, mtaa wa Katuba, mwaka wa nne, tangu nilipofiwa na mume nikaenda kutafuta maisha mpakani Kasumbalesa. Kila nikimfuata, nyanya yake ananiambia, "Rudi wiki ijayo."

Ukaomba kusoma karatasi zangu. Ukanionyesha kwa kidole mahali nilipoandika kwamba mtoto "ameibwa". Ukasema: "Futa hapo, binti. Huyu mwanamke ndiye aliyemlisha." Ukanieleza kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inatanguliza manufaa ya mtoto, na hakimu atataka kujua mtoto atalala wapi na atasoma wapi, hasira yangu haitamsaidia kitu. (Niliudhika, nakiri.)

Jumapili nikaenda Katuba na kaka ya marehemu, na sukari kilo mbili. Tulizungumza mpaka giza. Mama mkwe alilia, mimi pia. Mwisho akaleta begi la shule, lilikuwa limeshafungwa, daftari zote zimevikwa magazeti. Sijui alilifunga lini.

Sasa mtoto analala kwangu, na kila Jumamosi anakwenda kwa nyanya yake, anarudi mdomo umejaa karanga.

Benchini nimerudi mara mbili kukutafuta, sikukukuta. Aksanti, mama.